Maisha ya Abul-Qasim Az-Zahrawi, Mpasuaji wa Andalusi

Twapenda kwanza kuwaeleza wasomaji wetu sababu iliyotufanya tumtangulize mtu huyu mbele ya wengine tuliokusudia kuwaandika.

Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha alikuja mzee mmoja, nahodha aliyekula umri wake baharini, naye amejiziba mdomo kwa kitambaa. Mdomo wake wa chini ulikuwa na donda kwa muda uliopita mwaka. Mwanzo wake lilikuwa gamba dogo, likibanduka na kurudi, naye akilipaka samli na mafuta ya nazi. Kisha likafanya ukingo mgumu, kisha likaanza kutoka damu. Alivalishwa hirizi, akanyweshwa makombe, akafukizwa. Mwisho wanawe wakampeleka hospitali, kikakatwa kipande kidogo kikatazamwa, akaambiwa kuwa ni saratani ya ngozi ya mdomo, na kwamba dawa yake ni kukatwa, na pale patakapokatwa patazibwa kwa ngozi na nyama ya mdomo wake wa juu. Mzee akakubali kukatwa lakini akakataa kuzibwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kuitoa nyama ya mdomo mmoja na kuitia katika mdomo mwengine ni kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, na tena ni mambo ya Wazungu ambayo wazee wetu hawakuyajua. Akatuuliza sisi twasemaje.

Swali lake lina sehemu mbili. Ile ya sharia tutaijibu mahali pake. Ama ile ya kuwa mambo haya ni ya Wazungu, hatukuona jawabu iliyo bora kuliko kuyaeleza maisha ya Muislamu aliyeushika wembe wa tiba miaka elfu moja iliyopita, akaandika namna ya kuukata uvimbe wa mdomo, na namna ya kuushona mdomo uliopasuka, na wakati gani saratani ikatwe na wakati gani iachwe.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, na nisba yake nyengine ni Al-Ansari, kwa kuwa ukoo wake ulijinasibisha na Ansari wa Madina. Az-Zahrawi ni kwa mji wa Madinatuz-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abdur-Rahman An-Nasir chini ya mlima, mwendo wa maili 5 hivi magharibi ya Cordoba, ambao Waarabu waliuita Qurtuba. Ujenzi wa mji huo ulianza mwaka 325 wa Hijra, ndio 936 wa Miladi, na wanatarehe hukadiria kuwa Abul-Qasim naye alizaliwa karibu na mwaka huo. Hata ikawa mtu na mji wake ni kama ndugu waliokua pamoja, nao, kama tutakavyoona, hawakupishana sana katika kuondoka duniani.

Qurtuba ya siku zile ilikuwa mji wa ilimu. An-Nasir alikufa mwaka 350 (961), akatawala baada yake mwanawe Al-Hakam, mtu aliyependa vitabu kuliko vita, ambaye khazina yake ya vitabu hutajwa katika tarehe kuwa ilifika juzuu 400,000. Waislamu, Wakristo na Mayahudi waliishi pamoja katika mji ule, na vitabu vya Wayunani vilisomwa kwa Kiarabu. Katika hewa hiyo ndimo alimokulia Abul-Qasim. Lakini tusidhani kuwa kila ilimu ilikuwa imestawi sawa. Yeye mwenyewe alilalamika kuwa kazi ya upasuaji katika nchi yake na zama zake ilikuwa imekufa au imekaribia kufa, hapana aliyeijua vyema, na yaliyosalia ni maneno machache katika vitabu vya watu wa kale, yaliyoharibiwa na mikono ya wenye kunakili mpaka maana yake yakafungika. Basi akaazimia kuifufua.

Maisha yake yote yamo ndani ya kitabu chake kimoja, nacho ni At-Tasrif, ambacho jina lake kwa ukamilifu linaonyesha kuwa kimepangwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujitungia kitabu chake mwenyewe. Alikimaliza karibu na mwaka 390 (1000), baada ya kufanya kazi ya utabibu kwa muda wa miaka kama 50. Kina maqala 30. Humo mna maradhi na dawa, maakuli ya wagonjwa, marhamu, mafuta na namna ya kuzitengeneza dawa kwa moto na kwa maji. Maqala ya mwisho, ya 30, ndiyo iliyompa jina duniani, nayo ni ya kazi ya mkono. Aliigawa milango mitatu: wa kwanza ni kutibu kwa chuma cha moto, wa pili ni kupasua na kushona, wa tatu ni kuunga mifupa. Ndani yake alichora kwa mkono wake sura za vyombo karibu 200, visu na misumeno, kulabu na koleo, sindano na vyuma vya kuchomea, na karibu na kila chombo akaeleza kinatumika wapi na kinashikwa namna gani. Hapana aliyemtangulia kwa kazi ya namna hiyo.

Na jambo la kupendeza ni kuwa alikuwa akisema na wanafunzi wake kama baba asemavyo na wanawe. Huwaita wanangu. Huwaonya wasiifanye kazi hii kwa tamaa ya mali, wala wasimguse mgonjwa ambaye ugonjwa wake hawakuufahamu. Na mwanzo kabisa wa maqala huwaambia kuwa mwenye kutaka kupasua lazima asome kwanza tashrihi, yaani ajue kila kiungo kimekaaje, mishipa inapita wapi, na mifupa imeungana vipi; na asiyejua hayo hatasalimika na kuwaua watu.

Kisha akatoa mifano aliyoiona, na mifano hiyo ndiyo iliyotushika sisi zaidi kuliko michoro yote. Alieleza habari za tabibu jahili aliyepasua uvimbe wa shingo ya mwanamke, akaikata mishipa ya shingo, damu ikatoka mpaka mwanamke akaanguka amekufa mbele yake. Mwengine alitaka kumtoa mzee mawe ya kibofu, akayatoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee hakuishi ila siku chache. Mwengine alimfunga mtu mguu uliovunjika hali una jeraha, akaukaza kitambaa bila ya kuliachia jeraha pa kupumua, mguu ukaoza mpaka mtu akafa. Na mwengine aliipasua saratani kwa chuma, ikageuka donda baya baada ya siku chache, shari yake ikawa kubwa kuliko mwanzo. Na Abul-Qasim akasema kuwa saratani haifai kuguswa kwa chuma kabisa, isipokuwa iwe mahali panapowezekana kuitoa yote.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Neno saratani tunalolitumia kwa Kiswahili ni la Kiarabu, nalo asili yake ni kaa. Watu wa kale waliuita ugonjwa huu hivyo kwa kuwa mishipa iliyovimba pembezoni mwa uvimbe ilifanana na miguu ya kaa. Na kwa hakika ugonjwa huu una tabia ya kaa wa tope: unaona gamba lake juu, hali miguu yake imeingia chini usikokuona. Mwenye kukata gamba peke yake ameacha miguu.

Faslu aliyoiandika Abul-Qasim juu ya saratani ni fupi, nasi twaiona kuwa ni katika maandiko ya kweli kabisa yaliyopata kuandikwa na tabibu. Maana yake ni haya. Saratani ikiwa changa na ndogo, na iwe mahali inapoweza kutolewa yote, kama katika titi au paja, basi na ikatwe. Mgonjwa asafishwe tumbo kwanza, kisha uvimbe ukamatwe kwa kulabu na kukatwa pande zote pamoja na ngozi iliyo juu yake, kwa ukamilifu, usisalie mzizi wake hata mmoja. Lakini ikiwa imekuwa ya zamani na kubwa, usiikaribie; kwani yeye hakupata kumponya hata mmoja wa namna hiyo, wala hakumwona mtu mwengine aliyemponya.

Tazama basi. Huyu ni mtu wa miaka 50 ya kazi, tabibu aliyesifiwa na Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa wa Qurtuba aliyezaliwa mwaka 384 (994), alipohesabu vitabu vya fahari ya Andalusi. Angeweza kujisifu, na wagonjwa wangemwamini. Badala yake ameandika kwa wino kuwa ameshindwa. Wangapi katika waganga wa miji yetu waliopata kumwambia mtu kuwa hili siliwezi? Kila siku tunawasikia wakitangaza kuwa dawa yao moja hutibu kisukari, saratani, jini na kukosa mchumba.

Ama kuhusu midomo, aliiandikia faslu zake katika mlango wa pili. Alisema kuwa watu wengi hutokewa ndani ya midomo na vivimbe vidogo vigumu, mfano wa punje za dengu, vyengine vidogo na vyengine vikubwa kuliko hivyo. Tabibu na aupindue mdomo, apasue juu ya kila kivimbe, akikamate kwa kulabu na akikate pande zote. Kisha pahali pake patiwe zaji iliyosagwa, ambayo ni jamii ya mrututu, mpaka damu ikatike, na mgonjwa asukutue kwa siki na chumvi.

Faslu nyengine ni ya kushona pua, mdomo na sikio vinapopasuka kwa jeraha. Alianza kwa kuonya kuwa kazi hii haifanikiwi kwa kila mtu. Kisha akaeleza kuwa jeraha likiwa bado bichi, zikutanishwe kingo zake mbili na zishonwe. Lakini kingo zikiwa zimekwisha kupona kila moja mbali na mwenziwe, hazitashikana kamwe zikiwekwa pamoja hivyo hivyo. Lazima kila ukingo ukwanguliwe ngozi yake ya juu mpaka utoke damu, ndipo zishonwe, na juu yake inyunyizwe ubani uliosagwa na ule utomvu mwekundu ambao Waarabu huuita damu ya ndugu wawili. Utomvu huo hutoka kisiwa cha Sokotra, na manahodha wetu waliokwenda Arabuni walikuwa wakikiona kisiwa hicho njiani.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Si dogo. Nyama mbichi hushika nyama mbichi, na ngozi iliyokwisha kupona haishiki kitu: juu ya msingi huu ndipo inaposimama kazi yote ya kurudisha sura iliyoharibika, tangu kumshona mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka mpaka kuujenga mdomo mpya baada ya saratani. Na alishona bila ya dawa ya usingizi tunayoijua leo, bila ya kujua vijidudu vinavyoozesha jeraha, na mbele ya mgonjwa aliye macho.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa mwisho wa dola. Mwaka 399 (1009) ilizuka fitna katika Qurtuba, Waislamu kwa Waislamu, kwa ajili ya ukhalifa, na mwaka uliofuata Madinatuz-Zahra ikaporwa na kuharibiwa. Nguzo zake zikachukuliwa kujengea majumba mengine, na mji ukafukiwa na udongo hata ukasahauliwa mahali pake. Haukuanza kufukuliwa kwa utaratibu mpaka mwaka 1911. Wanatarehe wengi husema kuwa Abul-Qasim alikufa mwaka 404 (1013), yaani miaka michache tu baada ya mji wake.

Kitabu hakikufa. Katika karne ya 12 ya Miladi, Gerard wa Cremona aliifasiri maqala ya upasuaji kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na kutoka hapo ikaingia katika vyuo vya Italia na Ufaransa. Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Wafaransa, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1363, amemtaja Abul-Qasim mara nyingi mno. Mwaka 1497 ikapigwa chapa Venice. Na kwa upande wa Waislamu, Sherefeddin Sabuncuoglu, tabibu wa mji wa Amasya katika Uturuki, aliitegemea alipotunga kitabu chake kwa Kituruki mwaka 1465, akachora humo sura za tabibu na mgonjwa kwa rangi. Kwa hivyo anayesema kuwa kupasua na kushona ni mambo ya Wazungu, ajue kuwa Wazungu wenyewe walikaa karne nyingi mbele ya kitabu cha Muislamu wakijifunza.

Lakini haki ya ilimu ni kutomvika mtu nguo isiyokuwa yake. Tumesikia katika khutba na sherehe wasemaji wakidai kuwa Az-Zahrawi ndiye aliyegundua kila kitu kinachofanywa na madaktari wa leo. Huo ni uongo, naye hauhitaji. Ile kazi ambayo mzee wetu ameelezwa, ya kuziba tundu la mdomo kwa kipande cha ngozi na nyama kilichohamishwa, haimo katika faslu zake za midomo. Wahindi wa kale waliijua kwa ajili ya pua, na imo katika kitabu cha Sushruta. Na Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza ya Miladi, alieleza namna ya kuivuta ngozi ya jirani ili izibe upungufu wa pua, mdomo na sikio. Madaktari wa karne ya 19 ndio walioitengeneza kwa midomo kwa namna inayofanywa leo: Sabattini katika Italia mwaka 1838, Estlander katika Finland mwaka 1872, na Abbe katika New York mwaka 1898.

Tutaieleza kazi yenyewe kwa kadiri tulivyofahamu, maana hofu nyingi hutoka katika kutojua. Fundi wa tanga akiona tundu huchukua kiraka kilichokatwa mbali akakishona, na tanga halijali, kwa kuwa nguo haina uhai. Nyama ina uhai, na uhai wake ni damu. Kipande kinene cha mdomo kikikatwa pande zote kikashonwa mahali pengine hivi hivi, kitakufa. Kwa hiyo daktari hukikata pande zake akakiachia shina jembamba, na ndani ya shina hilo umo mshipa wa damu unaokilisha. Kisha hukigeuza kama mlango unavyogeuka juu ya bawaba yake, akakishona ndani ya tundu, tabaka kwa tabaka: ngozi ya ndani, nyama, kisha ngozi ya nje.

Kabla ya hapo hupima. Saratani hukatwa pamoja na ukingo wa nyama nzima pembezoni mwake, na kilichokatwa hutazamwa kwa darubini ili ijulikane kama miguu ya kaa imetoka yote. Ikiwa kilichoondoka hakikuzidi thuluthi ya mdomo, hapana haja ya kuhamisha kitu. Mdomo hunyumbuka, na kingo mbili hushonwa pamoja. Ikiwa kimezidi hapo mpaka kufika thuluthi mbili, ndipo huchukuliwa kipande cha mdomo wa pili, mfano wa kabari, na upana wake hufanywa kama nusu ya upana wa tundu, ili midomo miwili igawane upungufu, usidhulumiwe mmoja. Kwa muda wa wiki mbili au tatu midomo hukaa imeunganishwa na lile shina. Mgonjwa hunywa kwa mrija na kula vyakula laini. Damu ya mahali papya ikisha kuingia katika kipande, shina hukatwa na kinywa hufunguka. Iko pia namna ya Karapandzic, daktari wa Belgrade, aliyoieleza mwaka 1974, ya kuizungusha nyama iliyobakia pembezoni mwa kinywa pamoja na mishipa yake ya damu na ya hisia, ili mdomo ubaki na nguvu ya kufumba na kuhisi, ijapokuwa kinywa huwa chembamba zaidi. Na mdomo ukiondoka wote, huletwa ngozi ya mkono pamoja na mishipa yake, ikaungwa na mishipa ya shingo kwa sindano zisizoonekana ila kwa darubini.

Sasa turejee kwenye sharia. Haki ni kuwa imekuja hadithi ya kuwalaani wanawake wenye kuchanja chale na wenye kuchonga meno, wakibadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Lakini hadithi hiyo yenyewe imefunga jambo hilo na kutafuta uzuri, na maulamaa wakatenganisha baina ya mwenye kujigeuza kwa pambo na mwenye kuondoa ugonjwa au aibu iliyompata. Na iko hadithi iliyo wazi kuliko mchana, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, ya sahaba Arfaja bin As'ad. Pua yake ilikatika vitani siku ya Kulab, zama za Ujahili. Akatengeneza pua ya fedha, ikamtolea harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye ya dhahabu. Dhahabu imeharamishwa kwa wanaume, lakini kwa ajili ya kumrudishia mtu uso wake ikaruhusiwa. Basi ikiwa imejuzu kutia chuma cha thamani kilichoharamishwa, itakatazwaje nyama ya mtu mwenyewe, iliyo safi, kutoka mdomo wake kwenda mdomo wake? Sisi hatuoni njia ya kuikataza.

Tena mdomo si pambo. Wenye kusoma tajwidi nasi wanajua kuwa herufi za ba, mim na wau makhraji yake ni midomo miwili, na fa hutoka baina ya meno ya juu na tumbo la mdomo wa chini. Mtu aliyekatwa mdomo wa chini ukaachwa tundu amepoteza herufi zote nne. Hataweza kuitamka basmala kama ipasavyo, maana herufi yake ya kwanza ni ba. Mate humtoka katika sala, maji humwagika anaposukutua, uji humchuruzika mbele ya wageni, mpaka huacha kwenda msikitini kwa haya. Na kwa wenye kuuliza juu ya udhu: ngozi iliyohamishwa ikisha kupona ni uso, huoshwa kama uso, na kabla ya kupona, ikiwa maji yatadhuru, huoshwa palipo pazima, hupanguswa juu ya bandeji, na kutayamamu, kama lilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii.

Tunayo lawama, na tutaisema. Lawama yetu si juu ya mzee. Ni juu ya wale waliomchelewesha mwaka mzima kwa hirizi na makombe, nao wanajiita watu wa dini. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, akatufundisha kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshwa na dawa yake, isipokuwa uzee. Kumsomea mgonjwa dua ni suna, hatuikatazi. Tunachokikataza ni kuifanya dua kuwa pazia la kumzuia mtu asiende kwa mwenye kujua. Donda la mdomo lililokaa wiki tatu bila ya kupona huonyeshwa daktari, wala halingojwi. Miezi aliyozungushwa mzee wetu ndiyo iliyoligeuza lile gamba la kushonwa kingo kwa kingo likawa tundu la kuzibwa kwa mdomo wa pili. Abul-Qasim ameliandika tangu mwaka 1000: changa na ndogo, ikatwe, kubwa na ya zamani, mikono hushindwa. Leo madaktari huweza zaidi kuliko alivyoweza yeye, lakini kanuni haikugeuka.

Na saratani hii ya mdomo ina milango yake inayojulikana. Hushika zaidi mdomo wa chini kwa kuwa ndio unaolielekea jua, na wavuvi, mabaharia na wakulima hupigwa na jua siku zote. Ndugu zetu maalbino ngozi yao haina kinga, nao hupatwa na saratani za ngozi wakiwa bado vijana. Kofia pana na dawa ya kujipaka kuzuia jua kwao si anasa. Tumbaku nayo ni mlango, ikiwa ya kuvutwa au ya kutafunwa pamoja na tambuu, ambayo huleta saratani ndani ya kinywa. Tunajua kuwa neno hili la tambuu halitapendwa majumbani, lakini tumeliandika.

Mzee aliposikia habari za Arfaja alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mdomo uliozibwa utaweza kutamka mim. Tulimwambia kuwa sisi si matabibu, amwulize daktari wake mwenyewe. Juma lililofuata alirejea akatuambia amekubali, na amepewa siku ya kulazwa.

Maqala ya 30 ilipigwa chapa mwaka 1973, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, pamoja na michoro ya vyombo. Nakala tunayo darasani, nasi tumeanza kuisoma tangu utangulizi wake, faslu moja kila usiku wa Alhamisi baada ya sala ya Isha. Mwenye kutaka kuhudhuria na aje, mzee au kijana, na wanawake wametengewa mahali pao.